Siku Baba Alipochunga Ng'ombe Ndani ya Kioo

Baba aligusa kompyuta mara moja tu maishani mwake, Jumamosi moja pale Nkwenda, akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alifariki mwezi wa tatu mwaka huu. Waliokuja kutupa pole walimsimulia vizuri: alivyopiga mluzi ng'ombe wakageuka, alivyokaa siku mbili na ng'ombe wa jirani aliyeshindwa kuzaa. Ile Jumamosi hakuna aliyeisimulia, kwa sababu walioiona ni wachache, na karibu wote ni watu wa mjini. Kwa hiyo naiandika mimi.

Ninaitwa Katusiime. Baba yangu aliitwa Muhangi. Kwetu ni mbugani, upande wa Kyerwa, saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka Nkwenda kama mvua haijanyesha. Nilisoma sekondari Igurwa, nikikaa kwa shangazi, nikamaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani kukamua. Baada ya miaka miwili shangazi akasikia kwamba Nkwenda kuna darasa la kompyuta. Nikaenda.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa mwalimu wetu, Tariq, ambaye babu yake alihamia huku kutoka Pangani. Mbele aliuza kanga na vitenge, nyuma aliweka kompyuta sita. Mteja akiita, Mwalimu anatuacha katikati ya somo, anakwenda kukata mita mbili, anarudi na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

Somo alilolipenda kuliko yote ni la amri na namba. Mtu anaandika neno moja la amri, anaacha nafasi, anaandika namba, anabonyeza enta. Kazi ya programu ni kuukata ule mstari pale penye nafasi. Kipande cha kwanza ni amri, na programu inatazama kama inaijua. Cha pili ni namba, ila kwa kompyuta bado ni maandishi tu mpaka uigeuze iwe namba kweli. Ukijaribu kugeuza kitu ambacho si namba, programu inaanguka na kioo cha kompyuta kinajaa maneno mekundu. Mwalimu alitukataza kuiacha programu ianguke. Alisema mteja akikuomba kitambaa "kidogo tu", humfungii duka, unamuuliza kidogo ni kiasi gani.

Mtihani wake wa mwisho ulikuwa wa aina yake. Kila mwanafunzi anaandika programu, kisha analeta mgeni kutoka nyumbani ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Mgeni anapewa nusu saa. Aliyeandika programu anakaa kwenye benchi nyuma yake, kimya. Akifungua mdomo, ameshindwa. Programu yenyewe ndiyo imfikishe mgeni mwisho.

Ambaye angeshinda angebaki pale kumsaidia Mwalimu kufundisha darasa jipya. Wenzetu walitaka cheti tu, kwa hiyo tuliobaki kuishindania nafasi tulikuwa wawili, mimi na Ukasha. Tukifaulu wote, angechukuliwa ambaye mgeni wake amemaliza mapema zaidi. Niliitaka nafasi ile sana. Sikuwa nimechoka kukamua. Nilikuwa nimechoka kuulizwa kidato cha nne kimenisaidia nini.

Programu ya Ukasha ilisuka mkeka kwenye kioo. Ukiandika *nyekundu 4*, vinatokea visanduku vinne vyekundu, ukiandika *nyeupe 2*, vinafuata viwili vyeupe, hadi mkeka ujae. Yangu ilikuwa mchezo wa kuchunga. Ukiandika *tembea 3*, kundi la ng'ombe, ambao kwenye kioo walikuwa viduara, linasogea hatua tatu. Kulikuwa na *pumzika*, kulikuwa na *nywesha* kwa sababu mto ulikuwa mwembamba na hawangeweza kunywa kwa pamoja, na kulikuwa na *rudisha*, ya kuwaingiza zizini kabla jua halijazama.

Kwa wiki mbili Ukasha alikuwa akija mchana kuivunja programu yangu. Aliandika *tembea* bila namba, ikaanguka. Nikatengeneza. Aliandika *tembea -5*, ng'ombe wakaenda kinyumenyume mpaka wakatokomea ukingoni mwa kioo, naye akalala juu ya meza kwa kicheko, akataka kujua kama kwetu ng'ombe wana gia ya kurudi nyuma. Nikatengeneza. Aliandika *tembea tatu* kwa maneno, nikaifundisha programu maneno ya namba hadi ishirini. Aliandika kwa herufi kubwa, akaacha nafasi sita badala ya moja, akaandika elfu moja. Mwisho, chochote ambacho haikukielewa ilikijibu kwa upole: *Samahani, sijaelewa. Andika amri, kisha namba.* Aliandika "Ukasha hoyee" akapewa jibu hilohilo.

"Hii haianguki tena," akasema. "Imekuwa jiwe."

Nililala vizuri siku hiyo.

Jumamosi ya mtihani mama yake Ukasha ndiye aliyetangulia. Ni Bi Adija, anauza viatu sokoni, na Nkwenda nzima inamjua kwa ulimi wake. Alikaa, akaweka sawa baibui, akapakata mikono, akakitazama kioo. Kile kimstari cha kuandikia kikawa kinawaka na kuzima. Zikapita dakika tano, zikapita kumi. Ukasha, kwenye benchi, alikuwa anatafuna mkono wa shati lake. Hakuna aliyejua mama anasubiri nini, hadi alipoisemesha kompyuta mwenyewe.

"We mtoto, shikamoo yako iko wapi?"

Kumbe muda wote ule alikuwa anasubiri asalimiwe. Alimgeukia Mwalimu, akamweleza kwamba kitu hiki kimezaliwa juzi, yeye ana wajukuu, na hawezi kuanza yeye. Mwalimu akamjibu kwa heshima kwamba mgeni ana uhuru wa kufanya apendavyo, ila saa inakwenda. Bi Adija akashusha pumzi, akasema basi mkubwa ni jalala, akaandika *hujambo*. Programu ikamjibu kwamba amri hiyo haiijui, na kwamba aandike mfano wa *nyekundu 4*. Alisoma kwa sauti, akasema afadhali, salamu haina lakini shida yake imeisema. Kuanzia hapo mkono wake ukaenda mbio. Alimaliza mkeka katika dakika ya ishirini na sita, na hata hivyo hakukubali kuinuka mpaka auwekee pindo.

Kwa hiyo Baba alitakiwa kumaliza chini ya dakika ishirini na sita.

Alikuwa amefika asubuhi, vumbi limejaa kwenye nyusi. Alimsalimia kila mtu, hata mteja aliyekuwa anachagua kitenge. Akaketi, akaivua kofia na kuiweka gotini. Baba alisoma hadi darasa la nne, na kusoma alisoma, ila taratibu, midomo ikitembea. Herufi alizitafuta kwa kidole kimoja, ameinama, kama mtu anayetafuta kupe sikioni mwa ndama. Akaandika *tembea 2*. Kundi likasogea. Alicheka kwa mshangao, akageuka kunitazama, nami nikatazama sakafu kwa sababu ya sheria. Akaandika *tembea 4*, kisha *pumzika 1*, maana aliona wamekwenda mbali bila kupumua. Ukasha alikuwa ameacha kutabasamu. Ilikuwa dakika ya tisa, na Baba alikuwa mtoni.

Kioo kikaandika: *Umefika mtoni. Kundi lako lina ng'ombe 10. Utanywesha wangapi kwanza?*

Baba aliondoa kidole kama aliyegusa sufuria ya moto.

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Katika maisha yangu yote sijawahi kusikia mtu wa nyumbani akisema tuna wangapi. Mgeni akiuliza, anaambiwa wapo. Jioni Baba husimama mlangoni mwa zizi wakiingia, na hahesabu, anawaona: Bihogo huyo, Gaaju huyo, Siina na pembe yake iliyopinda. Mmoja akikosekana anajua ni nani amekosekana, hajui wamebaki idadi gani. Kuwataja kwa idadi ni kuonyesha balaa mahali pa kuanzia. Mimi nilinyonya desturi hiyo pamoja na maziwa yao, na bado niliandika swali lile kwa mikono yangu, nikalitundika mbele ya watu. Kwa wiki mbili nilikuwa naulinda mchezo wangu usivunjwe na Ukasha. Baba sikumfikiria hata mara moja.

Aliandika *nywesha Bihogo*.

*Samahani, sijaelewa. Andika amri, kisha namba.*

Akaandika *nywesha Gaaju*. Ikamjibu vilevile. Alisoma lile jibu mpaka mwisho mara zote mbili, neno kwa neno, kama barua. Ndilo jibu nililokuwa najivunia.

Akamgeukia Mwalimu, akamuuliza hawa ng'ombe ni wa nani. Mwalimu akasema si wa mtu, ni wa mchezo. Baba akasema ng'ombe wasio wa mtu ama wameibwa ama mwenyewe amekufa, na yeye hachungi hao wala hao. Mwalimu alitaka kucheka, kisha akamwona usoni, akaacha. Baba akamweleza, kwa sauti ya chini na adabu nyingi, kwamba hatua za kutembea anaweza kuzihesabu, na muda wa kupumzika pia, lakini hilo lingine kwao haliandikwi. Halafu akauliza jambo moja.

"Nisipoandika, huyu binti anaikosa kazi?"

"Anaikosa, mzee wangu."

Baba aliitazama mikono yake, akairudia kompyuta. Akaandika *nywesha*, herufi moja moja. Akaacha nafasi kwa kidole gumba. Kisha kidole chake kikapanda hadi kwenye ule mstari wa juu wenye namba, kikasimama pale hewani.

Mimi nilikuwa nyuma yake, naona shingo tu na kola ya koti. Shingo ilikuwa imelowa jasho. Nikajua ataandika. Angeandika kwa ajili yangu, na angerudi nyumbani bila kunilaumu, na kila ndama ambaye angeugua mwaka ule angemfanya akumbuke kidole kile. Zilikuwa zimebaki dakika za kutosha kabisa. Angemaliza kabla ya Bi Adija.

"Baba, acha," nikasema.

Ukasha akafumba macho. Mwalimu akatazama saa yake, ingawa haikuwa na la kumwambia.

"Katusiime, umezungumza."

"Najua, Mwalimu."

Baba akanigeukia na kuniuliza nimeharibu nini. Nikamwambia nimeharibu cha kwangu tu. Akakitia kile kidole mfukoni pamoja na mkono wote.

Nilimwomba Mwalimu ruhusa ya kutengeneza programu hata kama nimekwisha kushindwa, kwa sababu sikutaka Baba aondoke akiwa ameachwa mtoni. Mwalimu akasema kompyuta iko wazi hadi adhana ya adhuhuri. Ukasha akaenda kumletea Baba chai na chapati, bila kutumwa. Bi Adija, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kubaki, alivuta kiti na kubaki.

Nikakaa. Programu yangu ilikuwa inachukua kipande kimoja tu baada ya amri na kukilazimisha kiwe namba. Nikaiambia: kama amri ni *tembea* au *pumzika*, fanya kama zamani. Kama ni *nywesha* au *rudisha*, chukua vipande vyote vinavyofuata, hata viwe vingapi, na kila kipande ni jina. Tazama kama jina limo kwenye orodha ya kundi. Hesabu majina wewe mwenyewe tumboni mwako, ujue kama mto unawatosha, na usimwambie mtu. Nikafuta ule mstari wa *Kundi lako lina*. Viduara nikavitoa, nikaweka majina yatembee.

Kisha ikabidi niandike orodha ya ng'ombe wetu. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Umemwacha Kyasha."

Nikamwongeza Kyasha.

"Na mtoto wake."

Nikamkumbusha kwamba yule ndama hajapewa jina. Ukasha akapendekeza aitwe Kompyuta. Baba akamjibu kwamba ndama huyo ana baba yake, asitafutiwe mwingine mjini. Akafikiri kidogo, akasema aitwe Kagaaju, yaani Gaaju mdogo, kwa rangi yake. Hivyo ndivyo ndama alivyopewa jina katika duka la vitambaa, wakati mteja mlangoni akiulizia bei ya kanga.

Mara ya kwanza kuijaribu, ilianguka. Maneno mekundu yalijaa kioo kizima, Ukasha akapiga makofi peke yake, akisema jiwe limepasuka. Nilikuwa nimesahau alama moja. Mara ya pili ilisimama. Baba akaketi tena, akaandika *nywesha Bihogo na Gaaju na Siina*. Programu ikajibu: *Simjui ng'ombe anayeitwa na.*

Bi Adija alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Baba naye akacheka, akasema hata yeye hamjui. Nikaifundisha programu kwamba ikikutana na *na*, iruke. Baba akarudia mstari wake, herufi moja moja, na majina matatu yakatelemka mtoni yakanywa. Akawaita wengine. Aliwanywesha kwa utaratibu wa nyumbani, wenye ndama kwanza, kisha wazee, fahali mwisho kwa sababu ana vurugu. Mimi sikuwa nimeandika utaratibu huo popote. Ulikuwa wa kwake. Mteja wa kanga alikuwa ameingia ndani na kusimama nyuma yetu, na alipoona mtu mzima anamsihi Siina ndani ya kioo kwamba asimsukume mwenzake, alisogea aone vizuri.

Hakuna aliyekuwa anatazama saa tena. Baba aliwapumzisha mara mbili njiani, ambapo mchezo ulihitaji mara moja tu. Jua la kwenye kioo lilipokaribia kuzama, akaandika *rudisha* na majina yao yote, mstari mrefu ambao ulikunjika na kuendelea chini, na hakukosea hata mmoja. Kioo kikaandika: *Wameingia.* Basi. Hakikusema zaidi.

Baba aliendelea kukitazama. Kisha akamwambia Mwalimu Tariq, taratibu:

"Inajua, lakini haisemi. Hiyo imelelewa."

Bi Adija akamtazama mwanawe kwa jicho ambalo Ukasha aliniambia baadaye kuwa lilimfuata nyumbani wiki nzima. Hadi alipoifundisha programu yake kusema shikamoo.

Nafasi alipewa Ukasha. Mwalimu alitangaza akiwa amesimama, utepe shingoni, na alinitazama usoni alipokuwa akitangaza, jambo ambalo nililiheshimu. Sheria ilikuwa yake na hakuigeuza. Aliniomba awaonyeshe programu yangu wanafunzi wapya. Nikamkubalia, ila majina ya ng'ombe wetu ayaondoe kwanza, nao waweke ya kwao. Mimi nilirudi kukamua. Mwaka uliofuata nilipata kazi Kituntu, kwa njia nyingine kabisa isiyohusiana na habari hii, na kazi hiyo ninayo hadi leo.

Mchana ule, kabla ya kupanda pikipiki, Baba alinipeleka kula. Tulikaa kwenye kibanda kimoja karibu na sokoni, tukaletewa ndizi na maharage. Alikula nusu sahani.

"Inauma?" akaniuliza.

Nikamwambia inauma.

"Mimi nilikuwa naandika, ujue. Kidole kilishafika."

"Niliona, Baba."

Akachovya ndizi kwenye mchuzi, akaitazama, akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia, nikaogopa. Kumbe anacheka.

"Tatizo," akasema, "kilipofika pale juu, sikujua nibonyeze ipi. Tangu nizaliwe sijawahi kujua ni wangapi."

Tulicheka mpaka mama wa kibandani akatoka jikoni, akifuta mikono, kuja kuuliza kama ndizi zake zina kasoro.